Chapa ya Kiangazi

Hufuf, 14 Ramadhani 1438

Kaka yangu Battal,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na mama Ghanim na watoto, na kwamba lile goti lako limepungua uvimbe hata unaweza kusujudu bila kiti. Sisi huku Hufuf tu wazima. Saumu inakwenda, joto ni lile lile unalolijua, na Shafi akishakula daku anakoroma kama jenereta lililokosa mafuta. Alhamdulillahi.

Usishangae kuona karatasi badala ya kusikia sauti yangu. Tangu mpaka wa Saudia na Qatar ufungwe, Shafi hataki tuzungumze nawe kwa simu. Jirani yetu mmoja alimtumia dada yake aliye Doha ujumbe wa kumpa pole tu, akaitwa kuulizwa maswali. Nikamwambia Shafi, "Basi hata salamu kwa kaka yangu?" Akanijibu, "Salamu mpe Mungu, atamfikishia." Ndipo nikamkumbuka shangazi Mudhi kule Jahra. Kuwait haijagombana na mtu. Mume wa binamu yetu anaendesha lori la kwenda huko. Atampa shangazi, naye shangazi atakutumia kwa watu wa ndege. Wewe nawe pitishia kwake.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la watu wazima, kaka, mambo ya wakubwa siyaelewi. Ninachokiona kwenye televisheni ni wanaume wenye vitambaa vya kichwa vya aina moja, lahaja moja, hata pua moja, wanaitana maadui. Mwezi uliopita walikuwa wakigusana pua hizo hizo kwa salamu. Mama yetu alizaliwa upande wetu, akaolewa upande wenu wa Qatar, na hakuna siku aliyotuambia kwamba amehama nchi. Alisema amehama kisima.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya hayo. Nakuandikia kwa ajili ya ngamia.

Limetolewa tangazo kwamba kila ngamia wa mtu wa Qatar aliye kwenye malisho ya Saudia atoke, apitie lango la Salwa, na atoke sasa hivi. Shafi ametoka Yabrin jana. Anasema makundi yanaswagwa barabarani mchana wa jua hili, ndama wanapotezana na mama zao, na wanaoanguka wanaachwa hapo hapo walipoanguka. Ngamia wako weusi, wale wa baba, bado wako kwenye malisho yetu Yabrin na hakuna aliyewauliza. Jana hiyo hiyo, baada ya tarawehe, akanieleza shauri lake. Anataka kuwatia chapa yake juu ya ile ya baba. Ile mistari miwili ya shingoni aizungushie duara lake, ili kila atakayetazama aone ngamia wa Shafi, mtu wa Hufuf.

Nikamwambia, "Fanya basi, unangoja nini?" Akanitazama kama nimemwambia aibe msikitini. "Ngamia wa mtu hachomwi bila idhini ya mwenyewe, Nuwayyir. Hata akiwa shemeji. Mwandikie."

Basi nimekuandikia. Nipe neno lako, kaka, na unijibu upesi.

Dada yako,
Nuwayyir


Shahaniya, 21 Ramadhani 1438

Mdogo wangu Nuwayyir,

Waalaikum salamu. Goti ni lile lile, nasujudu kwa kiti na kwa manung'uniko. Mama Ghanim anakusalimu na anasema maziwa ya dukani yalikuwa ya kutoka kwenu, sasa yanatoka Uturuki na watoto wanayakunjia nyuso.

Nilikwenda mpakani, Abu Samra, kuwatazama ngamia wanaoingia. Sitaki kukueleza niliyoyaona ukiwa umefunga. Nitakueleza moja tu. Kulikuwa na mzee ninayemjua kwa sura, mtu wa malisho miaka yote. Aliloweka kitambaa chake cha kichwa kwenye ndoo ya maji akawa anamkamulia ngamia mdomoni, naye ngamia amekwisha kufa. Watu wanamwambia, "Baba, huyo amekwenda." Anajibu, "Najua. Hakunywa tu."

Mwambie Shafi achome. Idhini ni yangu na ameipata, mbele ya Mungu na mbele yako wewe.

Lakini mwambie na hili, ingawa najua analijua. Sisi tunatia chapa wakati wa baridi, nzi wakiwa hawapo. Hakuna mwenye akili anayemchoma ngamia kiangazi. Jeraha halikauki, linatoa maji mwezi mzima. Apake lami nzito. Awapeleke mbali na barabara, na asimwonyeshe mtu mpaka ganda lidondoke na manyoya yaanze kuota. Chapa mbichi mwezi huu inajisemea yenyewe, haihitaji shahidi.

Na umwambie duara lake ni baya. Siku zote nimemwambia kwamba linafanana na bangili ya mtoto. Sasa baba yangu ataonekana alivaa bangili. Mwambie nimecheka nilipoandika hivyo, kwani sijacheka tangu mwezi uandame.

Battal


Hufuf, 12 Mfunguo Mosi 1438

Kaka yangu mpenzi,

Sikukuu imepita salama, natumai na kwenu pia. Nakuarifu kwamba kazi ile imekwisha. Ngamia wote wazima, wanakula, wanakunywa. Shafi yuko nao huko mbali na barabara kama ulivyoagiza, ndiyo maana hawezi kukuandikia mwenyewe. Alicheka sana kuhusu bangili. Usiwe na wasiwasi wowote, na usiwaulize watu habari zetu. Ukimya ndio dawa yetu sasa.

Nuwayyir


Hufuf, 12 Mfunguo Mosi 1438

Shangazi Mudhi,

Nakubusu kichwa na mikono. Natumai presha yako imetulia na kwamba unameza vidonge vyako, wala huwapi paka.

Ndani ya bahasha hii imo barua ya kwenda kwa Battal. Ni uongo mtupu, na nakuomba uipitishe hivyo hivyo ilivyo.

Shafi amekamatwa. Watu wa doria walifika Yabrin siku ya pili ya sikukuu. Walikuwa na mzee mmoja msoma nyayo, mtu wa jangwani kama sisi. Hao wengine walitazama duara wakataka kuondoka. Yule mzee akashuka garini, akamwendea Dahma, yule mkubwa aliyebaki wa wale wa baba, akaweka kidole shingoni. Kikarudi na maji maji na lami. Akacheka, shangazi. Akasema, "Nani huyu anayechoma ngamia mwezi wa nzi?"

Shafi akajibu, "Chapa ya zamani ilikuwa imefifia."

"Na usaha huu nao umefifia?"

Wakamchukua. Ngamia wamefungiwa kwenye zizi la serikali kama ushahidi, hakuna anayeruhusiwa kuwaona. Wanamshtaki kwamba ameidanganya serikali na kuwafichia mali watu wa upande ule.

Kwa nini simwambii Battal? Wewe ndiye uliyemtahirisha, unamjua. Akisikia tu, atakwenda Abu Samra leo hii hii, avuke mpaka na mikono juu, aseme, "Mimi ndiye mwenye ngamia, nifungeni mimi, mwacheni shemeji yangu." Na watamfunga, ila hawatamwacha Shafi. Watakuwa wamempata mwenye mali na mwenye kuificha, wote wawili.

Tumaini tunalo. Wazee wa kabila letu, mzee Jarallah akiwa mbele, wamekubali kwenda kuapa mahakamani kwamba wale ni ngamia wa mirathi yangu kutoka kwa baba, kwa hiyo ni wa nyumba ya Shafi. Wala si uongo kamili, shangazi. Baba alipofariki nilikuwa na fungu langu, na sikulichukua kamwe, niliacha lichungwe pamoja na la kaka. Hakimu anaonekana kuridhika. Kama hakuna atakayesema kitu upande wowote, Shafi anaweza kutoka kabla ya Hija. Kwa hiyo nyamaza, na mimi ninyamaze, na Battal abaki hajui.

Niombee.
Nuwayyir


Jahra, 19 Mfunguo Mosi 1438

Nuwayyir mwanangu,

Barua nimeipitisha kama ulivyotaka. Vidonge nameza. Paka amekufa, kwa hiyo usinisingizie.

Sasa nisikilize. Umekosea. Nia yako ni safi kama maji ya Zamzam lakini umekosea. Battal ukimnyima habari ataziokota majlisini, na unajua majlisi za wanaume zilivyo, kahawa kikombe kimoja na uongo ndoo tatu. Mwandikie kweli, kisha mwapishe kwa kaburi la mama yenu kwamba hataondoka nyumbani. Ni mkali lakini kiapo anakiheshimu.

Nikimwandikia mimi utasema shangazi kavunja amana. Kwa hiyo siandiki. Lakini nakasirika kila nikiswali, na si vizuri kuswali na hasira. Dhambi hiyo nakuachia wewe.

Shangazi yako,
Mudhi


Shahaniya, 3 Mfunguo Pili 1438

Nuwayyir,

Salamu. Nimengoja neno la Shafi mwenyewe na sijalipata. Mtu yuko malishoni, sawa, lakini hata malishoni kuna mchanga wa kuandika kwa kidole na mtu wa kuupiga picha.

Watu wananitania. Jana majlisini mwana wa amu yetu Nahar aliniambia mbele ya wote, "Battal, hongera, shemeji yako amekuwa tajiri wa ngamia!" Wakacheka. Mwingine akasema, "Mpaka ukifunguliwa utakwenda kudai kwa chapa gani? Ile ambayo haipo?" Nikawaambia Shafi amekula nyumbani kwangu zaidi kuliko wao wote. Wakasema, "Ndiyo, na sasa anamalizia."

Mimi siwasikilizi. Lakini moyo ni nyama. Niambie kitu chochote juu ya ngamia, chochote kidogo. Niambie, Dahma kashazaa?

Battal


Hufuf, 11 Mfunguo Pili 1438

Kaka yangu,

Ningejua unaumia hivyo ningeandika zamani. Ndiyo, Dahma kazaa! Jike, mweusi kama kahawa iliyoungulia jikoni. Shafi amefurahi mno, anasema atampa jina la mama. Hao wa majlisi waache wacheke, midomo yao haina kazi nyingine.

Dada yako,
Nuwayyir


Shahaniya, 25 Mfunguo Pili 1438

Kwa Nuwayyir, mke wa Shafi,

Dahma hana mimba. Sikumpandisha dume mwaka jana kwa sababu ya ule mguu wake, na Shafi alikuwepo niliposema hivyo. Nilikuuliza kwa kukusudia. Nilimwomba Mungu usiku kucha uniandikie, "Kaka, unauliza nini, Dahma hana mimba," nami ningekubusu miguu siku tutakayoonana.

Badala yake umenipa ndama, na ukamtia jina la mama yetu.

Sasa nimejua. Niliwapa idhini kwa mkono wangu mwenyewe, mkaifuta chapa ya baba, mkatajirika. Mnanyamaza kwa sababu mwizi hana la kusema. Mpaka ulipofungwa nilidhani wakubwa ndio waliotutenganisha. Kumbe wao wamefunga mlango tu, waliokuwa wakingoja ni ninyi.

Usiniandikie.

Battal


Hufuf, 9 Mfunguo Nne 1439

Kaka,

Umenikataza kuandika na nimeandika. Natumai u mzima. Naisoma hii kwa sauti huku naandika, ili nione kama inaweza kusemeka.

Shafi hajakaa na ngamia hata siku moja tangu sikukuu. Yuko gerezani. Alikamatwa kwa ajili ya chapa uliyoonya, ile mbichi. Nilikuficha kwa sababu nilikuogopa wewe, nilijua utakuja kujitoa na kupotea bure. Ngamia wako kwenye zizi la serikali. Sijawaona, sijui kama Dahma yu hai, sijui lolote juu ya mimba yake. Uliniuliza, nami nikakujibu kama vile mtu anavyomjibu mgonjwa.

Ningekuomba radhi kwa hilo tu tukayamaliza. Lakini sasa sikiliza lililotokea.

Wazee waliapa. Mzee Jarallah alikwenda na fimbo yake na miwani yake mpya, akaweka mkono juu ya msahafu, akasema wale ni ngamia wa binti wa marehemu, mke wa Shafi. Hakimu akaandika. Wakili akaniambia, "Mama, nenda kapike, mumeo atakula nyumbani Ijumaa ijayo." Nikanunua nyama. Nikapika harisi, Battal, wakati si Ramadhani, kwa sababu anaipenda.

Alhamisi mke wa jirani akaja na simu yake mkononi. Alinishikisha tu. Kumbe ni wewe. Umekaa majlisini kwako kwenye zulia jekundu ninalolijua, na mtu wa televisheni amekushikia kipaza sauti. Anakuuliza habari za ngamia waliopotea mpakani, na wewe unasema, "Wangu hawakupotea mpakani. Wangu ameniibia shemeji yangu Shafi, wa Hufuf. Alizungushia duara lake juu ya chapa ya baba yangu ili serikali yake isiwajue. Ngamia wale ni wangu wote. Baba aliniachia mimi peke yangu."

Nilirudia kusikiliza mara nyingi. Peke yangu, ulisema. Wala si hilo lililomfunga Shafi, lakini ndilo ninalolisikia nikifumba macho.

Hakimu naye aliletewa. Huku kila mtu ameiona, hata watoto wanaiigiza barabarani. Hakuna tena la kuapia. Mwenye mali mwenyewe amesema kwa mdomo wake kwamba ni mali yake na kwamba serikali ilidanganywa. Mzee Jarallah alikuja mlangoni, hakuingia, hakukubali kahawa. Aliniambia, "Binti yangu, nimemtaja Mwenyezi Mungu kwa ajili ya nyumba yako. Kaka yako amenifanya mwongo wa uzeeni." Sasa wake zao hawanijibu salamu sokoni.

Hukumu bado haijasomwa. Sikuandikii ili uje. Nakuomba kwa kaburi la mama usije. Nimekuandikia kwa sababu kukuficha ndiko kulikotufikisha hapa, na sina tena ninachoweza kukificha.

Nuwayyir


Shahaniya, 20 Mfunguo Nne 1439

Nuwayyir, mdogo wangu,

Sijui niandike nini. Mama Ghanim alinisomea barua yako maana macho yalikataa. Alipofika kwenye harisi akaacha kusoma, akatoka nje.

Nilikwenda kwenye televisheni. Nikamwambia yule bwana, "Niliyosema si kweli, nirekodini upya." Alinikaribisha chai. Akasema, "Mzee, habari yako watu wameipenda mno, imetazamwa nchi nzima. Tukisema si kweli, tutakuwa tunawasaidia wale wa upande ule. Unataka kuwasaidia?" Nikamwambia namtaka shemeji yangu. Akasema, "Sote tuna shemeji, mzee."

Nikaandika kiapo kwamba ngamia ni wa mirathi yako. Niliandika kwa udhu, na naapa kwako kwamba sehemu yako ni kweli, baba hakuniachia mimi peke yangu. Nilisema vile kwa sababu nilitaka kuumiza na sikuwa na jiwe jingine karibu. Nikaipeleka karatasi igongwe muhuri ili mahakama ya kwenu iikubali. Hakuna ubalozi wa kwenu uliobaki hapa. Mlinzi kwenye lile jengo tupu akaniambia, "Baba, hapa panafagiliwa tu." Nikajaribu kwa watu wa Kuwait, wakanipokea kwa adabu, wakasema wanapatanisha wafalme, karatasi za watu hawana mamlaka nazo.

Kwa hiyo imebaki njia moja, na umenikataza kwa kaburi la mama. Nisamehe, na mama anisamehe. Maneno yangu yalivuka mpaka bila mwili, ndiyo maana yalimfunga Shafi. Nikisimama mbele ya hakimu mwenyewe na kusema nilidanganya, atalazimika kuandika kitu. Anifunge kwa uongo, nitafungwa kwa jina langu. Jumatatu naondoka. Gari nitaliacha Abu Samra, nitembee mpaka Salwa na mikono juu na karatasi kifuani. Sitakimbia, hata ningetaka, kwa goti hili.

Mwambie Shafi, ukipewa nafasi ya kumwona, kwamba nimesema duara lake ni zuri.

Kaka yako,
Battal


Jahra, 2 Mfunguo Tano 1439

Nuwayyir mwanangu,

Mama Ghanim amenipigia simu akilia. Battal aliondoka Jumatatu baada ya alfajiri. Gari lake wamelikuta Abu Samra limefungwa, ufunguo juu ya gurudumu, na viatu vyake vya kuendea msikitini ndani. Walinzi wa upande wao wanasema walimkataza, akapita, akaenda. Walimtazama mpaka kwenye kona ya barabara. Yeyote unayeweza kumuuliza huko kwenu, muulize.

Nilipaswa kumwandikia mwenyewe tangu mwanzo. Amana, nilisema. Sasa nimeketi nayo.

Mudhi


Hufuf, 17 Mfunguo Tano 1439

Kaka yangu Battal,

Assalamu alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh. Natumai barua hii itakukuta, na itakukuta ukiwa mzima. Sijui niiandike ya kwenda wapi, kwa hiyo naituma kwa shangazi kama zamani. Huenda mmoja wa wale anaowapa barua zetu anajua ulipo kuliko sisi.

Hukumu imesomwa. Ni miaka saba. Shafi alisimama wima, akaniangalia, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayekataa kuongezewa kahawa. Kabla ya kusoma, hakimu aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyeleta maelezo mapya. Nikageuka kutazama mlango, kaka. Ukumbi mzima uligeuka kwa sababu mimi nimegeuka. Aliyeingia alikuwa mtu wa kuzima viyoyozi.

Nimekuulizia. Nilikwenda na mume wa binamu mpaka Salwa. Nikamweleza mlinzi: mzee mrefu, anachechemea mguu wa kulia, mikono juu, karatasi kifuani. Alikuwa mpole, alinitafutia kivuli. Akatazama daftari lake, akaniambia, "Mama, hakuna mtu wa namna hiyo aliyefika hapa." Nikamwambia upande wa pili wanasema walikuona ukija. Akasema, "Wa upande wa pili wanasema mengi." Nikaenda kwenye gereza la huku, nikaenda hospitali, nikaenda nyumba ya maiti, hilo nisamehe lakini nilikwenda. Kila mahali jina lako halipo. Kwenu umetoka, kwetu hujafika. Na kutoka lango lile mpaka lango hili ni mwendo mfupi mno, nilikuwa naupita nikija kwenu na watoto hawajaamka kwenye gari.

Zizi la serikali limeondolewa. Ngamia waliokuwa hai wamepigwa mnada, sijui wamekwenda kwa nani. Nilimuuliza mchungaji wa pale juu ya Dahma, akasema wengi walikufa mwezi ule wa nzi, majeraha hayakupona, yeye majina hayajui.

Shafi nimemwona mara moja, kupitia kioo. Akaniuliza, "Battal hajambo?" Nikamwambia hujambo, unamsalimia, na umesema duara lake ni zuri. Akacheka mpaka mlinzi akamgusa bega. Kwa hiyo nimedanganya tena, na ninajua nimedanganya, na nitakwenda kumdanganya tena mwezi ujao wakinipa ruhusa, mpaka nitakapopata neno lako.

Naswali, naomba dua, nasoma, ila kila nikisema amin nasikia kama nimeisema kwenye chumba kisicho na mtu. Mungu anisamehe kwa hilo. Sijamwambia mwingine yeyote.

Kaka, ukipata barua hii, popote ulipo, hata kama ni mstari mmoja, hata kama huruhusiwi kutaja mahali, naomba unijibu upesi.

Dada yako,
Nuwayyir